Kazi ya Wote na Mrithi Wake: Historia Fupi ya Programu Huria katika Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya jitihada chache zilizofanywa ili kukiingiza Kiswahili katika kompyuta kwa njia ya programu huria, na kuuliza swali moja juu ya jitihada hizo: kazi ya namna hii ikizeeka, ni nani anayeirithi? Kwa programu huria nina maana ya programu ambayo maagizo yake yote, kama yalivyoandikwa na watungaji, yamewekwa wazi ili mtu yeyote aweze kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kuyagawa kwa wengine, mradi afuate masharti ya leseni yake. Swali hili huonekana kuwa ni la mafundi wa kompyuta. Nitajaribu kuonyesha kwamba ni swali la wanaisimu na watunga kamusi kabla ya kuwa la mafundi.

Yafaa nieleze sababu iliyonielekeza kwenye suala hili. Kabla ya kwenda ng'ambo kwa masomo ya shahada ya uzamili, nilikusanya katika kilima cha Sagalla, kusini ya mji wa Voi, msamiati wa Kisaghala unaohusu kilimo na maji. Walionieleza maneno hayo walikuwa wazee watatu. Niliyachapa katika kompyuta ya kuazima, kwa programu kongwe iliyokuwamo humo, nikatia alama za toni kwa herufi maalumu za programu ile. Niliporejea nyumbani na kutaka kuiendeleza kazi hiyo, programu yenyewe ilikuwa imekwisha kuachwa na watengenezaji wake, na kompyuta mpya haikulifahamu faili langu. Mzee mmoja kati ya wale watatu alikuwa amefariki. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuweka nakala ya karatasi wala sikufikiri kwamba chombo cha kuandikia chaweza kufa kabla ya maandishi. Lakini kosa hilo lilinifanya nitazame upya historia ya vyombo vyetu, na hasa vile tulivyoambiwa kwamba ni mali ya wote.

2. Mfano wa watunga kamusi wa kale

Kabla ya kuzungumzia kompyuta, ni vizuri kukumbuka kwamba suala la urithi wa kazi ya lugha si geni katika sehemu hizi. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Rabai mwaka 1846 kujiunga na Ludwig Krapf, aliyekuwa ametangulia Mombasa mwaka 1844. Katika Oktoba 1847 Rebmann alikwea Kasigau, ambao katika maandishi yake huitwa Kadiaro, na mwaka uliofuata alipita nchi ya Wataita akielekea Uchaga, akauona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Wanahistoria hukumbuka zaidi theluji ya mlima huo. Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la maana zaidi ni kwamba Rebmann alikaa Rabai hadi 1875 akikusanya maneno, na kwamba alirudi Ujerumani akiwa kipofu na kufariki mwaka 1876 bila ya kuiona kazi yake kubwa ya msamiati ikichapishwa.

Kazi hiyo haikupotea. Kamusi ya Kinyasa, ambayo Rebmann aliitunga kwa msaada wa mtumwa aliyeitwa Salimini, ilihaririwa na Krapf ikachapishwa mwaka 1877. Krapf mwenyewe alifariki Novemba 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka London mwaka 1882. Mwaka 1887 ikatoka kamusi ya Kinyika ya Krapf na Rebmann ikiwa imehaririwa na T. H. Sparshott, na mwaka 1925 kamusi ya Kiswahili ya Krapf ikatolewa tena baada ya kusahihishwa na H. K. Binns. Huko Sagalla, mmisionari J. A. Wray, aliyefika mwaka 1883, alitoa kitabu kidogo juu ya lugha ya kilima hicho mwaka 1894.

Hapa yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, katika mifano hii ya Krapf na Rebmann mtungaji hakuwapo wakati kazi ilipofika mikononi mwa wasomaji; aliyeifikisha ni mtu mwingine aliyekubali kuubeba mzigo. Pili, nyuma ya watu hawa palikuwa na vyama vya kimisheni na wachapishaji ambao walikuwa na makabati, fedha na desturi ya kuhifadhi. Hatuna haja ya kuyasifu madhumuni ya vyama hivyo ili kukubali ukweli huu.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni ule wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, ambayo chini yake Frederick Johnson alitayarisha kamusi zilizotoka mwaka 1939. Kamati ile iliingizwa katika chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1970, ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 2009 ikaunganishwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Jina limebadilika mara kadhaa, serikali zimebadilika, hata nchi imebadilika jina. Lakini kadi za maneno ziliendelea kuwa na mwenyewe.

3. Jitihada tatu za zama za kompyuta

Sasa tutazame jitihada tatu, kila moja ikiwa na namna yake ya kutunzwa.

Ya kwanza ni Kamusi Hai ya Kiswahili katika Mtandao, ijulikanayo zaidi kama Mradi wa Kamusi. Ilianzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na Martin Benjamin, aliyekuwa mwanafunzi wa anthropolojia. Wakati huo tovuti zenyewe zilikuwa jambo geni hata katika nchi tajiri. Wazo lake lilikuwa la ujasiri: kamusi isingojee toleo jipya baada ya miaka ishirini, bali ikue kila siku kwa michango ya wasomaji walioko popote duniani, na mhariri apitishe yale yanayostahili. Watu wengi waliojifunza Kiswahili ng'ambo waliitegemea. Baadaye mradi uliondoka Yale, ukasajiliwa kama shirika lisilo la faida, ukawa na makao Uswisi, na ukapanuka kuwa kamusi ya lugha nyingi. Katika safari hiyo yote, mtu aliyeubeba alikuwa yule yule mmoja, na fedha zilikuja kwa misimu. Hatutendi haki tukilaumu. Ni lazima tuulize kwa nini kamusi ya lugha yetu ilisafiri kutoka bara moja hadi jingine bila ya idara moja ya Afrika Mashariki kuichukua na kusema, hii ni yetu, tutaiweka kwetu.

Ya pili ni mradi wa Kilinux, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na washauri kutoka Sweden. Kazi yake ilikuwa kuzitafsiri kwa Kiswahili programu huria za matumizi ya kila siku. Mwishoni mwa mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, yaani programu ya kuandikia barua, kupanga hesabu na kutayarisha mihadhara, ambayo maelezo yake yote yalikuwa kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake katikati ya muongo ule ule. Nyuma ya kila neno lililoandikwa juu ya kitufe palikuwa na uamuzi wa kiisimu: je, tukubali faili au tutafute neno la asili, je, hifadhi yatosha kwa kitendo cha kuweka maandishi, je, kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Maamuzi ya namna hii, yakiwa mamia kwa maelfu, ni kazi ya istilahi isiyopungua thamani mbele ya kazi za mabaraza yetu.

Ya tatu ni ile ya Helsinki. Kuanzia mwaka 1985 Arvi Hurskainen alitunga mfumo wa kuchanganua maneno ya Kiswahili kwa kompyuta, na pamoja nao ukakusanywa mkusanyo mkubwa wa matini za Kiswahili. Mkusanyo huo leo umewekwa katika Benki ya Lugha ya Finland, ambayo kazi yake ni kuhifadhi. Si kazi huria kwa maana kamili niliyoitaja mwanzoni, kwa kuwa sehemu yake ina masharti ya matumizi. Hata hivyo mtafiti anayeuhitaji leo anajua mlango wa kubisha.

Tukizilinganisha kazi hizi tatu, twapata jambo ambalo halikutarajiwa na watetezi wa uhuria. Kazi iliyokuwa wazi kuliko zote haikuwa ndiyo iliyohifadhika vizuri kuliko zote. Uwazi hutoa ruhusa ya kurithi, hauleti mrithi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaendelea hadi leo kwa sababu ina vyote viwili: leseni inayoruhusu kila mtu kunakili, na wakfu unaolipia mitambo na kuitunza programu iliyo chini yake.

4. Jinsi programu huria inavyozeeka

Ili kuelewa mashaka yaliyopo, yatupasa kufuata kidogo historia ya ile OpenOffice ambayo Kilinux waliitafsiri. Asili yake ni programu ya kampuni moja ya Kijerumani iliyonunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999. Mwaka 2000 Sun waliuweka wazi msimbo wake, na watu wa lugha nyingi wakaanza kuutafsiri. Mwezi Januari 2010 Sun yenyewe ikanunuliwa na Oracle. Wafanyakazi wengi wa kujitolea hawakuridhika na mwenye mali mpya, na tarehe 28 Septemba 2010 wakatangaza tawi lao wenyewe, waliloliita LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle wakaukabidhi mradi wa zamani kwa wakfu wa Apache. Kuanzia hapo palikuwa na nyumba mbili zilizotoka katika ukoo mmoja, na kwa sababu ya tofauti za leseni, nyumba mpya iliweza kuchukua kutoka ya zamani, lakini ya zamani haikuweza kuchukua kutoka mpya. Mafundi wengi wakahama. Mwezi Septemba 2016 mwenyekiti wa mradi wa zamani alilileta hadharani suala la kuufunga. Haukufungwa, lakini matoleo yake tangu hapo yamekuwa machache, na mengi ni ya kuziba matundu ya usalama.

Tuseme sasa kwamba tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 2004 ilifungamana na nyumba ya zamani. Tafsiri ya programu haifanani na tafsiri ya kitabu. Kitabu kikitafsiriwa hubaki kama kilivyo, na baada ya miaka ishirini bado chasomeka. Programu hubadilika kila mwaka. Sentensi mpya huongezwa, za zamani hufutwa, na tafsiri isiyofuatwa hugeuka kuwa mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza, hadi mtumiaji achoke na kurudi kwenye Kiingereza kitupu. Mradi wa wafadhili una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, na baada ya tarehe hiyo hakuna aliyeajiriwa kuzifuata sentensi mpya.

Mkulima wa Taveta atalielewa jambo hili bila maelezo marefu. Mfereji wa maji haumilikiwi na mtu mmoja, na kila mwenye shamba ana haki ya zamu yake. Lakini haki hiyo haiutoi mchanga uliojaa mferejini. Siku ya kuufukua, watu hutoka pamoja kwa msaragambo, kama majirani zao wa Upare wasemavyo, na asiyetoka hujulikana. Programu huria nyingi zina watu wa zamu ya maji tele. Watu wa jembe ni wachache, na wachache hao wanazeeka.

Hata hivyo haikubaliki kusema kwamba kila kitu kimepotea. Orodha ya maneno ya kukagulia tahajia ya Kiswahili, iliyotungwa na Jason Githeko wa Kenya, imeingizwa katika hazina ya kamusi za LibreOffice, ikibeba alama ya Kiswahili cha Tanzania. Aliyeitunga aliiweka katika kisanduku cha wote chenye mtunzaji, na nyumba zilipogawanyika orodha ikaenda pamoja na wanaohama. Huu ni mfano mdogo, lakini ndani yake umo uhuria, na umo pia uhifadhi.

5. Pingamizi moja, na lugha za Taita na Taveta

Msomaji aweza kuuliza: ya nini kuhangaikia miradi hii mikongwe, ilhali simu za leo zina Kiswahili ndani yake, na makampuni makubwa yanakitafsiri bila sisi kutoa senti? Pingamizi hili lina nguvu. Mkazi wa Voi anayefungua simu yake na kukuta maneno ya Kiswahili hana sababu ya kujali yametoka wapi.

Majibu yangu ni mawili. Jibu la kwanza ni la kitaaluma. Kampuni ikichagua neno, sisi twaona neno tu. Hatuoni maneno yaliyokataliwa wala sababu za kuyakataa, na kesho kampuni yaweza kulibadili bila ya kumwuliza mtu. Katika mradi huria mjadala wote huandikwa na kubaki, ikiwa mradi wenyewe utabaki. Kwa mwanahistoria wa istilahi, kumbukumbu za mjadala wa namna hii ni kama zile kadi za Kamati ya mwaka 1930, na kuziacha zifutike ni kuutupa ushahidi wa jinsi lugha yetu ilivyokua katika kipindi cha mabadiliko makubwa.

Jibu la pili latuhusu sisi wa Taita na Taveta moja kwa moja. Kiswahili kina wasemaji wengi, na makampuni yatakitafsiri kwa sababu kina soko. Kidawida, Kisaghala na Kitaveta havina soko la namna hiyo. Katiba ya mwaka 2010 inaiagiza serikali ya Kenya, katika kifungu cha 7, kukuza na kulinda lugha mbalimbali za watu wa nchi hii. Lakini katiba haiandiki programu. Njia iliyo wazi kwa lugha ndogo kuingia katika kompyuta ni programu ambayo msimbo wake twaweza kuuchukua na kuugeuza sisi wenyewe. Programu hizo zikifa, Kiswahili kitajeruhiwa kidogo na kuendelea; lugha hizi tatu zitafungiwa mlango.

Yafaa hapa kukumbuka utafiti wa Christopher Ehret na Derek Nurse, uliotolewa mwaka 1981, ambao ulionyesha kwamba katika vilima vya Taita paliwahi kusemwa lugha za Kikushi. Leo hazina hata msemaji mmoja. Twajua kwamba zilikuwapo kwa sababu tu ya maneno waliyokopa Wadawida na Wasaghala. Lugha iliyokosa mrithi huishi kwa kubahatika, katika vinywa vya majirani.

6. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba katika historia ya kazi za lugha, tangu Rabai hadi Dar es Salaam, kazi iliyodumu ni ile iliyopata mtu au chombo kilichokubali kuirithi. Programu huria hazikuibadili kanuni hiyo. Zilichofanya ni kuondoa kisingizio, kwa sababu katika kazi huria hatuwezi kusema kwamba tulinyimwa ruhusa.

Mapendekezo yangu ni matatu, nayo ni madogo. La kwanza, idara za Kiswahili zihifadhi katika maktaba zao nakala za orodha za istilahi, tafsiri na kamusi za mitandao ambazo leseni zake zinaruhusu, kama zinavyohifadhi tasnifu za wanafunzi. Nakala iliyo Dar es Salaam, Nairobi na katika chuo kikuu cha kaunti yetu, kilichopata hati yake mwaka 2016, haiwezi kupotea kwa siku moja. La pili, kazi ya kutafsiri na kuitunza programu ihesabiwe kuwa kazi ya kitaaluma mwalimu anapoomba kupandishwa cheo; kwa sasa mhadhiri kijana anayetumia miaka miwili kusahihisha istilahi za programu huonekana kama aliyepoteza miaka miwili. La tatu, kila mradi wa lugha utakaoanzishwa chuoni utaje tangu mwanzo ni idara ipi itakayoubeba wafadhili wakiondoka. Ukikosa jibu, usianze.

Kuhusu faili langu la Kisaghala, lilifunguliwa hatimaye. Halikufunguliwa na programu iliyoliandika. Lilifunguliwa na LibreOffice, katika duka la huduma za kompyuta mjini Voi. Tangu mwaka 2014 upo mradi wa Wakfu wa Document, walezi wa programu hiyo, wa kusaidia kuyasoma mafaili ya programu zilizoachwa. Watu nisiowajua, wasioijua Sagalla, walikuwa wamefanya kazi ya jembe. Maneno yote yalitokea, ila alama za toni ziligeuka kuwa vijisanduku vitupu. Nimeyachapa maneno hayo kwenye karatasi na kupanda nayo kilimani ili kuziuliza upya toni. Wazee wawili waliobaki wanaafikiana juu ya maneno mengi. Yako mengine ambayo yule wa tatu alinitamkia peke yake, na hayo nimeyaacha na visanduku vyake.